Kabla Hujajenga Mabanda Mapya

Kigamboni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Habari za Dodoma. Huku hatujambo sote. Goti la bibi yako limepungua kumsumbua, na mama yako anauliza kama ule unga wa muhogo ulifika salama. Mahesabu uliyonitumia kwenye simu nimeyasoma, kesho yake nikayarudia. Tukianza kuongea kwa simu huwa tunaishia kubishana, kwa hiyo nimeona nikuandikie nikiwa nimetulia.

Unasema yule bwana wa Kunduchi anayetaka kutuletea farasi wake 10 tumtunzie kwa ada ni riziki imebisha hodi, tumfungulie, tujenge mabanda kwenye kile kipande cha nyuma kisichofanya kazi. Mahesabu yako ni sahihi. Ada ya mwezi mara 10, ukitoa chakula, ukitoa mshahara wa kijana mmoja, kinachobaki ni fedha ya kueleweka. Nimefurahi sana kuona unaifikiria kazi hii kwa undani hivyo. Ila kuna kitu hakimo kwenye karatasi yako, nacho ndicho kinachoamua kama tuna shamba au hatuna: macho. Farasi wa kuwapokea hapa wanahesabiwa kwa macho ya watu wanaowajua mmoja mmoja, watu walio macho saa nane ya usiku. Leo tuna farasi 12, wetu 4 na wa watu 8, na macho tuliyonayo yanawatosha hao.

Nianze na chakula. Farasi wa kilo 400 anakula kama kilo 8 za majani makavu kwa siku. Robota letu la kutoka Morogoro lina kilo 15 hivi, kwa hiyo farasi 10 ni marobota 160 kwa mwezi, juu ya tunayonunua sasa. Fedha yake umeiweka, lakini mahali pa kuyalaza hujapaweka. Ghala limejaa mpaka juu. Masika ikiingia, hewa ya huku pwani inalowa yenyewe hata kama bati halivuji, na robota la chini linaota ukungu katikati huku nje likionekana zima. Ng'ombe anaweza kulimudu, farasi hapana. Na kwa mahindi ni hatari zaidi: upo ukungu wa mahindi ambao sumu yake inaula ubongo wa farasi, anaanza kupepesuka na kugonga kuta, na hakuna dawa ya kumrudisha. Ndiyo maana unaniona kila gunia la pumba nalifungua mwenyewe na kulinusa, hata dereva wa Canter akiwa amenuna kwa kucheleweshwa. Kazi hiyo ninaiweza kwa magunia ya farasi 12.

Maji nayo. Kwenye joto la Januari farasi mmoja anaweza kumaliza lita 50 kwa siku. Kisima chetu kinatoa, lakini unajua visima vya karibu na bahari: ukivuta kupita kiasi chumvi inaingia, na ikishaingia haitoki kwa kuomba. Majirani wawili wa upande wa Mjimwema sasa wananunua maji ya boza.

Tena samadi. Farasi mmoja anatoa kilo 20 hivi kila siku. Akina mama wa bustani za mchicha wanatuondolea vizuri wakati wa kiangazi, lakini masika hawaji, na hapo ndipo rundo linapolowa na kuanza kuzalisha wadudu. Usiwachukulie usubi kuwa kero tu. Wao ndio wanaobeba virusi vya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika tunaouchanjia kila mwaka. Wanauma kuanzia magharibi mpaka jua litoke, ndiyo sababu ya ile sheria yangu ya kuwaingiza farasi wote bandani kabla ya adhana ya magharibi, hata mteja awe katikati ya mazoezi. Farasi asiye na kinga, virusi vikimshika mapafu, asubuhi anaweza kuwa anakula vizuri na jioni povu linamtoka puani. Katika farasi 10 wa namna hiyo anaweza asibaki hata mmoja. Nilimwomba yule bwana kadi za chanjo za farasi wake, akasema atazitafuta. Bado anazitafuta.

Hayo yote, mwanangu, fedha inaweza kuyatatua ikitumiwa vizuri: ghala, tenki, mtu wa kuzoa samadi. Linalobaki ni hili la macho, na nataka ulielewe kuliko mengine yote.

Unamkumbuka Tufani, yule jike mwekundu mwenye kovu begani. Mwaka jana, usiku mmoja wa mwezi wa tisa, mzee wetu saisi, mtunza farasi wetu, alikuja kunigongea dirisha. Aliniambia maneno mawili tu: "Hajalamba ndoo." Tufani akimaliza pumba hulamba ndoo mpaka anaisukuma ukutani, kila mtu hapa anasikia ile kelele. Usiku ule pumba ilikwisha na ndoo haikulia. Tulipofika amesimama tuli, na mtu asiyemjua angesema farasi anapumzika. Tukakaa naye. Baada ya muda akageuza shingo akautazama ubavu wake, akaacha. Akautazama tena. Kisha akaanza kuparura chini kwa mguu wa mbele, akakunja magoti alale, tukamzuia. Tumbo.

Farasi hatapiki. Kikishaingia tumboni, njia ni moja tu ya kutokea, na njia yenyewe ni ndefu na ina kona nyembamba. Ikiziba, gesi inajaa, utumbo unaweza kujisokota, na hapo unahesabu saa. Mzee aliweka sikio ubavuni upande wa kulia, halafu wa kushoto. Tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote. La Tufani lilikuwa kimya upande mmoja. Nikambonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe nikaachia. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2, yake ilichelewa. Nikahesabu mapigo chini ya taya. Farasi aliyetulia hazidi 44 kwa dakika, yeye alikuwa kwenye 60.

Nikampigia daktari wa mifugo, nikampigia na mwenye farasi papo hapo. Hili la pili ulishike. Mali ya watu ni amana, na mwenye amana haambiwi asubuhi kwamba usiku kulikuwa na jambo. Yule mama alifika na kanga mabegani kabla ya daktari, akamshika Tufani kichwa akawa anamsemesha, na mimi naamini ilisaidia. Daktari alitoka Mikocheni, akapita Daraja la Nyerere. Namshukuru Mungu kwa daraja lile. Kabla halijafunguliwa mwaka 2016, usiku wa namna ile tungekuwa tunasubiri pantoni Magogoni, la sivyo daktari azunguke kwa barabara ya Kongowe. Akampitisha mpira puani mpaka tumboni, akammiminia maji na mafuta, akamchoma sindano ya maumivu. Tukamtembeza kwa zamu. Alfajiri akanya, na mavi yale tuliyashangilia.

Asubuhi mzee alichukua madonge machache ya yale mavi akayavuruga kwenye ndoo ya maji, akaiacha itulie, kisha akamwaga maji taratibu. Chini kulibaki mchanga, ukiukusanya unajaa kiganja. Mchanga wetu huu ni mzuri kwa kwato, mvua ikinyesha haushiki tope, lakini farasi anayeokota majani chini anaulamba kidogo kidogo mpaka unakuwa mzigo tumboni. Tangu hapo majani yote yanawekwa kwenye hori lililo juu ya mkeka wa mpira, na kila Jumapili mavi ya kila farasi yanapimwa kwenye ndoo. Uliuliza siku ile zile ndoo zenye alama za rangi ni za nini. Ni za hiyo kazi.

Sasa jiulize: farasi 22, mzee mmoja, kijana mmoja ambaye bado anajifunza, na vijana wapya wa kuokoteza kwa sababu mabanda yamejaa ghafla. Nani atajua kwamba ndoo haikulia?

Siongelei tumbo peke yake. Yule wa kijivu aliyeletwa kutoka kwenye baridi ya Arusha, msimu wake wa kwanza wa kaskazi alikauka jasho. Farasi anajipoza kwa jasho, na huku kwetu kwenye joto na unyevu wengine jasho linagoma kabisa. Kijana alifurahi kuona farasi amekimbia na hajalowa, akadhani ana nguvu. Mzee alitazama tundu za pua zilivyopanuka, akapitisha kiganja chini ya singa, pakavu. Kipimo cha joto kikasoma nyuzi 40, na farasi mzima hatakiwi kuzidi 38.5. Wakamtia kivulini wakammwagia maji mpaka akashuka. Leo anatolewa alfajiri tu, na feni yake unaijua. Dalili ile ile, mmoja aliona uzima, mwingine aliona hatari. Ujuzi huo siwezi kuuagiza pamoja na mabati.

Kuna jambo la mikataba pia. Wengi wanaotuletea farasi ni watu wa kuja na kuondoka: wa balozi, wa mashirika, wa makampuni. Wanakaa miaka mitatu, minne. Farasi anaishi miaka 25, wengine wanafika 30. Yule farasi mzee wa banda la mwisho, mwenye farasi alishaondoka nchini, mwanzoni alituma fedha, baadaye akatuma salamu, sasa hatumi kitu. Mama yako hataki hata kusikia habari ya kumtoa, na mimi sitaki. Anakula kwetu mpaka siku yake. Lakini shamba linaweza kubeba mmoja wa hivyo, labda wawili. Ukipokea 10 wa mtu mmoja, halafu mambo yake yakaharibika, umebaki na 10 wanaokula kila siku na huwezi kuwafungulia wende barabarani. Kwa hiyo mkataba mpya, ambao ningependa wewe ndiye uuandike kwa sababu lugha ya karatasi unaijua, uwe na dhamana ya miezi 3, jina la mtu aliyepo Tanzania atakayebeba jukumu mwenyewe akisafiri, na idhini ya maandishi ya nani anaamua kama farasi ni wa kutibiwa au wa kupumzishwa, yaani kuuawa bila maumivu. Usiku wa manane si wakati wa kuanza kutafutana kwa ajili ya swali hilo.

Nimeamua hivi. Nimemwambia yule bwana nitampokea farasi 2, kadi za chanjo zikipatikana na daktari akiwapima damu kwanza. Watakaa peke yao chini ya miembe wiki 3 kabla ya kuchanganyika na wengine. Amekunja uso, nami nimemwacha afikirie. Akienda kwingine, aende kwa heri.

Ile akiba uliyosema uko tayari kuiweka kwenye mabanda, kama bado moyo wako upo, tuiweke kwenye ghala lenye sakafu iliyoinuliwa kwa chaga na madirisha ya kupitisha upepo. Na sehemu yake imlipe mpwa wake mzee, yule kijana mpole aliyekusaidia kubeba mizigo Idi iliyopita. Nataka akae na mjomba wake mwaka mzima, aone kaskazi, masika, kusi na vuli, alale bandani, apimishwe mapigo mpaka ayajue bila saa. Mzee anakohoa siku hizi, na hapendi niliseme. Kijana akiiva, tutaongeza mabanda 3, na hapo nitakusikiliza hesabu zako bila kubisha.

Ukija mwisho wa mwezi, shuka Morogoro kwanza, treni ya mwendokasi ya asubuhi inakuruhusu. Mwenye majani nimeshaongea naye. Usikubali akuonyeshe marobota ya mbele. Chagua moja la katikati ya mzigo, kata kamba, ingiza mkono mpaka ndani kabisa. Ukikuta joto au vumbi jeupe, mzigo wote usiuchukue hata akipunguza bei. Ukilikuta bichi-bichi kwa rangi na linanukia vizuri, lipia nusu, nusu nitamalizia gari likifika.

Na ukifika hapa, usiku wa kwanza utalala bandani na mzee. Amekubali kukuzungusha saa nane. Njoo na buti zako za mvua, za zamani mama yako amezigawa.

Baba yako