Barua kwa mwanangu: usiiache Farasi Wawili

Mamangu,

Jana kwenye feri ulikaa kimya mpaka tukashuka Likoni, nami sikutaka kukusemesha mbele za watu. Usiku uliposhalala nikaitoa ile karatasi yako ya muvu za chesi kwa begi, nikapanga ubao nikaicheza gemu yote mpaka muvu ya 31 uliposhikwa mat, mfalme hana pa kwenda, na nataka ujue haikuharibika hapo mwisho, iliharibika muvu ya 5. Sasa ati hutaki tena kucheza Farasi Wawili, ule ufunguzi wako wa kutoa farasi wote wawili mapema? Hapana mama, usiiache.

Skiza. Mpinzani wako alianza kwa pawni kwenye nyumba ya e4 ukajibu e5, akatoa farasi ukatoa farasi, askofu wake akaja c4 nawe ukatoa farasi wa pili f6, safi kabisa. Farasi wake akaruka g5, sasa wawili wanaikodolea f7 na mlinzi wa nyumba ile ni mfalme peke yake. Ukasukuma pawni d5, ndio dawa yake hiyo, akaila na pawni yake. Hapo ndipo ulipokula na farasi haraka haraka na dakika ulikuwa nazo tele! Akamtoa farasi wake mhanga f7, mfalme wako akamla, malkia akaja f3 na cheki, anamgonga mfalme na farasi wa d5 pamoja, ikabidi mfalme apande e6 katikati ya ubao amlinde farasi. Waitaliano wanaiita Fegatello, Waingereza wanasema ini la kukaanga, na mtego huu watu wanaucheza tangu yapata miaka 400, kwa hivyo si wewe wa kwanza kunaswa.

Badala ya kula, mpeleke farasi wa c6 pale a5 amfukuze askofu. Atakupa cheki b5, wewe ziba na pawni c6, akila nawe kula na pawni ya b, askofu hana budi arudi, kisha sukuma pawni h6 farasi wake naye aondoke, halafu pawni e4 umkimbize tena. Pawni moja imekwenda, sawa, lakini kete zako zinatoka mbio na yeye yuarudi nyuma tu.

Na mfalme yuko e6, hana hata ukuta wa kuegemea, hukujisalimisha, ulimtetea muvu zaidi ya 20 na mwandiko wako kwa ile karatasi haukubadilika. Nilikuwa nimesimama nyuma kule na koo limenikaba, wallahi.

Jumamosi nikitoka kazini napitia mahamri, wewe tandika ubao mapema. Nacheza nyeupe, nakuletea farasi g5, nataka kuiona hiyo a5.

Babako