Umechanika kano ya goti na unataka kurudi kwenye skii? Soma hii kwanza

Kaskazi inapoanza kuvuma hapa Malindi, kwenye kliniki yetu ya mazoezi ya viungo huingia watu wa aina mbili wenye shida moja. Wa kwanza ni kijana wa mpira wa ufukweni, goti limevimba kama dafu, anasema "nimeteguka". Wa pili ni Mwitaliano mwenye nyumba mtaa wa Casuarina, ameshapasuliwa kwao baada ya kuanguka kwenye skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni, kwenye milima ya Alps, amekuja kuuguza goti kwenye joto. Hata hajaketi, anauliza: nitarudi lini kwenye skii?

Watu wa hapa hatushangai tena kusikia habari za theluji. Waitaliano wamekuwa majirani zetu tangu kituo cha Italia cha kurushia roketi kule Ngomeni kilipojengwa miaka ya 1960. Na Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, kule Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa hapa hapa Kilifi kabla ya kukulia Austria. Kwa hiyo nawaandikia wote, wa mchanga na wa theluji, maana kano ni ile ile.

Nianze na neno "kuteguka". Tunalitumia kwa kila kitu kinachouma kwenye kiungo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Goti lina kano kubwa nne: moja kila upande, na mbili za ndani zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele kati ya hizo mbili ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na ndiyo inayolishikilia goti unapogeuka ghafla. Ikichanika, mara nyingi mtu husikia mlio ndani, kama kijiti kinachovunjika. Goti huvimba ndani ya saa chache kwa sababu damu imemwagika ndani yake. Baada ya wiki mbili tatu uvimbe unapungua, anatembea vizuri, anadhani yamekwisha. Halafu siku anageuka kumwitikia mtu sokoni, goti linamkimbia, yaani linalegea ghafla.

Ukiona dalili hizo, tafadhali usikimbilie kukandwa. Nawaheshimu wakandaji wetu, na kuna misuli mingi wameituliza. Lakini goti lililojaa damu halivutwi wala halisuguliwi kwa mafuta siku za mwanzo. Liweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa, liinue juu ya mto, tembea kwa magongo, na uje lipimwe. Tunalikunja kidogo, tunashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, tunavuta taratibu tukisikiliza kama kuna mahali mfupa unakomea. Tukiwa na shaka tunakutuma upigwe MRI, picha inayoonyesha kano ndani ya goti, na umwone daktari wa mifupa.

Kwenye skii kano hii hukatika kwa njia yake. Buti ni gumu na limepanda hadi katikati ya muundi, kwa hiyo kifundo cha mguu kinalindwa na nguvu yote ya kupinda inahamia kwenye goti. Mtu anaanguka kwa nyuma, makalio yameshuka chini ya magoti, mkia wa ubao mmoja unang'ata theluji na kuupeleka mguu upande wake. Ule ubao mrefu unakuwa kama wenzo. Vishikizo vinavyoachia buti vilibuniwa hasa kuokoa mfupa wa muundi usivunjike. Kwa kano hii haviaminiki, hata vikiwa vipya.

Je, lazima kupasuliwa? Si kila mtu. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya vijana 121 waliochanika kano hii. Nusu walipasuliwa mapema, nusu walianza na mazoezi huku mlango wa upasuaji ukiachwa wazi. Katika kundi la mazoezi walikuwa 59, na ndani ya miaka miwili 23 tu waliishia kupasuliwa, na hali ya magoti ya makundi yote mawili haikutofautiana kwa maana. Hata hivyo, mtu anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka kwa kasi, skii ikiwemo, na goti lake linaendelea kumkimbia, mara nyingi tunamshauri azungumze na daktari wa upasuaji.

Nikubali jambo moja linaloniuma mpaka leo. Miaka yangu ya mwanzo nilimruhusu kijana mmoja arudi uwanjani mwezi wa sita baada ya upasuaji. Alikuwa anakimbia, haumwi, mama yake ananishukuru kila wiki. Alichanika tena kwenye mechi ya pili. Nilikuwa nimesikiliza maumivu, sikupima nguvu.

Kano anayopandikiza daktari huchukuliwa mwilini mwako mwenyewe, nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Miezi ya mwanzo inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, kwa sababu mwili unaijenga upya taratibu. Wakati huo huo uvimbe umeshapungua na mshono umepona, kwa hiyo mtu anajisikia mzima. Mwaka 2016 watafiti waliofuatilia wagonjwa 106 waliona kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi michezoni, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Ndiyo maana ukituambia umekata tiketi ya kwenda Alps mwezi wa tano baada ya upasuaji, tutakuomba uibadilishe. Tunajua inauma.

Tunapima hivi. Tunachukua futi ya fundi cherehani, tunahesabu sentimita 15 juu ya pia ya goti, tunazungusha paja. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kiitaliano, mwezi wa nne baada ya upasuaji, alikuwa na tofauti ya sentimita 3 kati ya paja na paja. Tukampandisha kwenye sanduku la sentimita 20, ashuke polepole kwa mguu mmoja. Mguu usioumia ulishuka bila kuyumba. Ule mwingine, goti likaingia ndani na nyonga ikaanguka. Mwenyewe alijitazama kwenye kioo, akanyamaza. Tulikuwa tumemwambia hayo tangu mwezi wa pili, ila kioo kilimwambia vizuri zaidi.

Kwa hiyo kwanza goti linyooke kabisa, kisha paja la mbele liamke, kisha nguvu, kisha kuruka na kutua. Mguu ulioumia ukifikia angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka, na miezi 9 imepita, ndipo tunazungumza habari za theluji. Kwa wa skii tunaongeza kuchuchumaa nusu na kubaki hapo dakika nzima, tena na tena, kwa kuwa mlimani paja halipumziki na miguu iliyochoka ndiyo inayoangusha mtu alasiri. Asubuhi maji yakipwa tunatembea baharini Silversands, maji ya kiuno, pale mchanga ulipokaza. Mchanga laini wa juu tunauacha hadi mwezi wa sita au zaidi.

Siku za kwanza mlimani ziwe nusu siku, kwenye miteremko ya wanaoanza. Vishikizo virekebishwe na fundi wa skii kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango chako cha sasa, si cha kabla ya kuumia.

Ukija kwetu mara ya kwanza, vaa kaptula, leta picha za MRI na karatasi ya upasuaji kama unayo, hata ikiwa kwa Kiitaliano, tutaisoma. Na kama una buti zako za skii, zilete pia. Tutakuvalisha hapa hapa kwenye joto tuone goti lako linavyokaa ndani yake.