Babu katutoka, na sherehe tumefanya

Mlimani, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya magharibi

Mwenzangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye joto. Najua umeona nimekaa kimya wiki nzima. Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza yote, mpaka pale ulipokata kwa hasira. Umeona picha kwenye status za watu: mkuu wa idara kashika sinia anacheza, wanafunzi wamejipanga nyuma yake kama treni, na Babu, dereva wa basi la idara yetu ya jiolojia, tumemzika juzi tu. Ukauliza, "Nyie huko hamna haya?" Nilianza kukujibu kwa sauti, nikashindwa, maana kila nikifika katikati nalia. Kwa hiyo nakuandikia. Soma mpaka mwisho, halafu kama bado una hasira, nitukane, nimekuruhusu.

Kwanza ilivyokuwa. Jumanne ile Babu aliosha basi. Mwaka wa kwanza walikuwa wametoka Wazo kwenye machimbo ya chokaa, na vumbi lile jeupe unalijua linavyoganda kwenye vioo. Aliosha mwenyewe, hataki msaada, huku akiwasimanga waliosahau nyundo zao chini ya viti. Usiku wa kuamkia Jumatano presha ikapanda, wakamkimbiza hospitali, wakaambiwa ni kiharusi. Alhamisi alfajiri simu ikalia. Hakugongwa, hakupinduka. Mtu aliyekuwa akivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, aliyelala matopeni sijui mara ngapi kwenye zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga enzi hazina lami, amefia kitandani. Mwanawe mkubwa akasema hilo ndilo linalomfariji. Mimi nilinyamaza.

Kwa kuwa ni Mwislamu, hakukuwa na kusubiri. Alasiri ya siku ileile wanaume wakampeleka makaburini, hukohuko Mbagala, sisi wanawake tukabaki nyumbani. Turubai moja halikutosha, wakaenda kuazima jingine. Walikuja watu ambao sikuwategemea: wahitimu wetu wa zamani walioko migodini Geita ambao kwa bahati walikuwa likizo mjini, muuza spea wa Gerezani, mama lishe wa pale nyuma ya maabara na binti zake wote. Basi la idara tulilokwenda nalo liliendeshwa na dereva wa kuazima. Gari lile unalifahamu, gia ya pili haiingii mpaka ulibembeleze. Likazima kwenye kona ya kuingilia mtaani kwao, na wahadhiri na suti zao wakashuka kusukuma. Watoto wa mtaa walishangilia.

Kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa kwanza analia kuliko wafiwa. Nikamsogelea nikamuuliza kama alimfahamu sana marehemu. Akasema amepanda gari lake mara moja tu, ile safari ya Wazo, akatapika njiani, na Babu alisimamisha gari, akampa ndimu anuse, akamhamishia kiti cha mbele. Basi, ni hilo tu.

Sasa sikiliza habari ya sinia. Watu wa makaburini waliporudi, watani wake wakaingia. Mama mmoja, mnene, mcheshi wa kupindukia, alichomoa sinia jikoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya waombolezaji wote, akaanza kuendesha. Anakata kona, anapiga honi kwa mdomo, anageuka nyuma na kufoka kwa sauti ya Babu kabisa: "Shukeni! Nyie wasomi, shukeni msukume, mawe yenu yananivunjia springi!" Kisha akapita kwenye majamvi akidai nauli, na asiyetoa akaambiwa atashushwa Kibiti usiku. Kutoka chumbani alikokaa mjane tulisikia kicheko kikiingiliana na kilio. Nami nilicheka, mwenzangu, nilicheka mpaka khanga ya kuazima ikanidondoka kichwani. Wewe umekulia huku, unajua watani kazi yao msibani ni hiyo. Je, yule mama naye umwambie hana haya?

Sherehe ya kuwaaga wanaomaliza ilikuwa imepangwa Jumamosi, siku mbili baada ya maziko. Walikuwa wamechanga elfu arobaini kila mmoja, wengine kwa kukopa maana bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa, sare za kitenge zimeshashonwa, ukumbi wa Sinza umelipiwa wote. CR wao, yaani mwakilishi wa darasa, alimpigia mwenye ukumbi aombe tarehe isogezwe. Yule bwana, simtaji, akajibu kwamba msiba ni wao na kalenda ni yake, na hela hairudi hata nusu. Ijumaa jioni wakakutana kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, nami nikaalikwa kama mlezi wao, ingawa nilikwenda kusikiliza tu. Kelele zilikuwa nyingi. Wapo waliosema wavunje kila kitu, hela iende, heshima kwanza. Wapo waliosema Babu mwenyewe angewacheka kwa kupoteza hela. Mmoja akapendekeza wafanye lakini bila muziki, nikajiuliza watu mia na ushee watakaa ukumbini wakitazamana mpaka saa ngapi. Waliongea mpaka mbu wakawashinda, na hapo ndipo binti mmoja aliyekaa kimya muda wote akauliza, "Kwani kuna aliyewauliza wafiwa?"

Hakukuwa na aliyewauliza. Usiku uleule watatu wakapanda daladala mpaka Mbagala. Mjane yuko eda, kwa hiyo majibu yalikuja kupitia kwa shemeji yake. Nakuandikia kama nilivyoletewa: mzee kila akirudi safari alikuwa anamwambia mkewe, kabla hata ya kuvua viatu, nimewapeleka kadhaa na nimewarudisha kadhaa. Hao wa mwaka huu ameshawarudisha wote. Washerehekee, ila asubuhi waje kwanza kwenye hitima, na wasije kula tu.

Wakaja. Vijana wa kiume walichota maji na kuosha masufuria ya pilau, mabinti wakamenya vitunguu toka alfajiri wakitokwa machozi ya aina mbili. Mhazini wa kamati aliposoma ubani, jina la darasa lao lilitangulia lile la wahadhiri, na kiasi pia kilitushinda. Tuliona aibu kidogo. Tumeongeza Jumatatu.

Jioni tukaenda Sinza. Sitakudanganya kwamba wote walikubali. Mwalimu wetu wa petrolojia, somo la miamba, hakuja, alisema yeye moyo haumtumi, na hakuna aliyemlaumu. Dijei alikuwa amelipwa nusu tu, akaambiwa nusu ya pili imeingia kwenye ubani, akanuna robo saa hivi, kisha akapiga zilipendwa bila kuombwa, Sikinde na Msondo kwa zamu, kwa sababu alisikia marehemu alikuwa mtu wa dansi. Keki waliipeleka nzima kwa wajukuu wa Babu.

Ratiba ya kila mwaka unaikumbuka: jina linaitwa, mtu anapita katikati kwa madaha, anapigiwa vigelegele, anasema anakotaka kufika maishani. Mwaka huu MC aliwaambia waache ndoto zao, kila mtu aseme mahali pamoja alipopelekwa na Babu. Kijana mmoja akasema Oldonyo Lengai. Walipanda usiku, wakashuka asubuhi miguu inatetemeka, wakamkuta Babu chini ya mlima amewapikia uji wa tangawizi. Ile ndiyo volkano pekee duniani inayotema siku hizi lava ya kaboneti ya sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishapata unyevu, na kijana ameiandikia ripoti akapata A, lakini mbele ya kipaza sauti alisema anachokumbuka ni uji. Mwingine akataja kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma kutoka mbinguni. Darasa zima limekizunguka linasikiliza mhadhara, Babu akakigonga kwa kidole akasema, "Na hiki kilikuja bila dereva, ndiyo maana kikaanguka." Ukumbi ulivunjika mbavu. Binti wa ndimu hakuwa mhitimu lakini alipewa nafasi naye, akasema neno moja: "Wazo."

Ilipofika zamu ya mkuu wa idara, unajua alivyo, mtu wa kusoma hotuba kutoka kwenye karatasi. Alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akaenda meza ya chakula, akachukua sinia, akaanza kuendesha kama yule mama wa Mbagala, na wanafunzi wakaunga nyuma mmoja mmoja mpaka wakawa basi zima linalozunguka ukumbi. Akipiga breki, wote wanayumba mbele. Akipiga kelele "Shukeni!", wote wanashuka kusukuma. Ndiyo picha uliyoiona. Aliyeipiga hakuandika maelezo, na hapo ndipo kosa lilipo kama unatafuta kosa.

Mimi kwa upande wangu naona kama wangekaa hosteli wamejifungia, Babu angekufa mara moja akaisha, jina lake likabaki kwenye tangazo la ubaoni pale karibu na choo cha wafanyakazi, lile lenye picha ya pasipoti iliyofifia. Pale Sinza walimtaja mia na ushee, kila mmoja na barabara yake.

Kazi yenyewe imeanza Jumatatu. Mwaka wa pili wana fildi, mafunzo ya vitendo huko porini, mwezi wa saba, tukakaa kikao cha kupanga. Ramani tunazo, GPS tunazo, barua za vibali zipo. Mwenyekiti akauliza tukifika kijijini tunamwona nani, wanafunzi wanalala wapi, maji ya kunywa yanatoka wapi. Tukatazamana. Miaka yote hiyo tulikuwa tunashuka kwenye gari tukikuta mambo tayari, tukidhani yamejiandaa. Ndipo nikakumbuka lile daftari la kaunta lenye jalada la turubai alilokuwa akiliweka kwenye dashibodi, tulilodhani ni la mafuta. La mafuta limo, kurasa mbili tatu. Zilizobaki ni nchi nzima kwa mwandiko wake: "Balozi, mkono wa kulia baada ya mbuyu, Ijumaa mchana usimwendee." "Kisima hiki chumvi." "Daraja bovu, shusha watu wote hata Profesa." "Mwalimu anapenda kulala hapa, asilale, mbu." Nadhani hiyo ya mwisho ni mimi.

Sasa kila usiku naliingiza kwenye kompyuta. Namba za simu nazipiga kuhakikisha kama bado zipo hewani, na kila anayepokea akisikia idara ya jiolojia anauliza kwa furaha, "Mzee yuko wapi, anakuja lini?" Inabidi niseme. Kuna mzee mmoja wa Kilwa alikaa kimya, nikadhani simu imekatika, kisha akaniambia nisubiri, nikamsikia anawaita watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja waje wasikie. Niliwaambia upya wote. Wiki hii nimepeleka msiba wilaya ambazo sijawahi kukanyaga.

Na kuna ukurasa unaokuhusu wewe. Umeandikwa Tendaguru juu, chini yake njia kutoka Lindi mjini, halafu jina la Boheti bin Amrani limepigiwa mistari miwili. Unakumbuka tulipokuwa tumeketi pale kilimani, mwalimu akitueleza Wajerumani walivyochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, Janensch na Hennig, na Babu akaingilia kutoka nyuma: nani alichimba? Akatuhesabia wachimbaji waliofika 500 kwa msimu, na Boheti msimamizi wao, na wapagazi waliobeba mifupa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, akidai mmoja wao ni babu yake mzaa mama. Tulimwona anapiga porojo. Nimesoma baadaye, Boheti ni kweli tupu, na wachimbaji na wapagazi ni hivyohivyo. Ulipopata nafasi ya kwenda huko Berlin alikuomba jambo moja: umfikie yule dinosaria mwenye shingo ndefu hapo makumbusho, yule wa mita 13 na ushee, utazame kama jina la Boheti limeandikwa popote, na upige picha. Pembeni ya mistari miwili ameandika jina lako na alama ya kuuliza.

Kwa hiyo acha kunitumia sauti za hasira, vaa koti uende. Kama jina lipo, piga picha. Kama halipo, piga picha ya ukuta ulivyo, mwanawe anataka kuona vyovyote itakavyokuwa. Arobaini iko mwezi ujao na wameniomba niilete picha ikiwa imechapishwa, kubwa, isiwe ya kwenye simu.

Jambo la mwisho ni ubani. Daftari la michango liko kwangu, jina lako lipo, mbele yake hakuna kitu. Watani wameshaliona, na yule mama wa sinia amesema wa Berlin nauli yake atalipishwa kwa yuro.

Wako,
Mwenzako wa kiti cha nyuma