Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nyumba wa Kaunti: Mikono Tunayo, Vifaa Hatuna

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia Nyumba, Kaunti ya Bungoma.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa niaba ya mafundi na vijana wa Kopsiro, Mlima Elgon, ambao kila baada ya mavuno ya mahindi hukarabati bila malipo nyumba za wajane, wazee na wengine wasiojiweza.

Nyumba hizo nyingi ni za udongo, na huanza kuharibikia chini: maji yateremkayo mlimani huulowesha ukuta, mchwa hula nguzo, na nyumba huinama. Kuezeka mabati mapya juu ya kuta za namna hiyo, jambo ambalo wafadhili hulipenda kwa kuwa hupendeza pichani, ni kuihatarisha familia iliyolala ndani. Kwanza sharti uchimbwe mtaro upande wa mlimani, nguzo zilizooza zibadilishwe na ukuta ukandikwe upya, ndipo paa lifuate. Tumeona pia mabati yaliyogawiwa bila mbao wala misumari yakikaa chini ya kitanda hadi yakauzwa.

Katika milima ya Appalachia nchini Marekani, shirika la Appalachia Service Project limekarabati nyumba za maskini kwa mikono ya wanaojitolea tangu 1969, na wanaojitolea hao huchangia gharama pia. Huku kwetu, anayepanda juu ya paa la jirani mara nyingi lake nalo linavuja. Hatuwezi kumdai misumari.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinatambua haki ya kila mtu kupata makazi ya kufaa, na Jedwali la Nne limeviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Tunaomba basi wanafunzi wa useremala na uashi wafanyie mazoezi yao kwenye nyumba hizi, wakisimamiwa na walimu wao, na kaunti itenge fedha za mbao, mawe na misumari. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Vifaa vikinunuliwa mapema, vitatufikia kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari. Vikija Machi, mvua ya masika itakuwa imeanza, na ukuta uliokandikwa hautakauka.

Orodha ya nyumba imekwisha kupitishwa barazani mbele ya wazee wa kijiji. Tunaomba afisa wako aje aikague, nyumba kwa nyumba, kabla makadirio hayajafungwa.

Wako mwaminifu,
Fundi wa kujitolea, Kopsiro