Barua kuhusu kuwasomesha vijana Persepolis

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba utasoma Persepolis, kumbukumbu za utotoni wake nchini Iran alizozichora Marjane Satrapi, pamoja na wanafunzi wako wa kidato cha tatu.

Ombi langu kubwa ni kwamba wasije wakadhani kitabu hicho kinapiga vita dini. Mtoto anayesimulia anampenda Mungu, huzungumza naye usiku kitandani, na anatamani awe nabii; anachonyang'anywa ni hiari yake, pale watawala wa Iran, baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, wanapojitwalia haki ya kumsemea Mungu kuhusu mavazi, muziki na masomo. Wengi wa wasichana wako hujifunga ushungi kwa imani yao wenyewe, na wasipoelezwa tofauti hiyo mapema watahisi kwamba wanashutumiwa wao. Waeleze pia kwamba mwaka 1936 mfalme wa Iran, Reza Shah, alipiga marufuku vazi hilo hilo, polisi wakawavua wanawake barabarani, ilhali Machi 1979 maelfu ya wanawake waliandamana Tehran, mji mkuu, kupinga kulazimishwa na watawala wapya kulivaa. Katika amri zote mbili, wenyewe hawakuulizwa.

Usiuharakishe ukurasa wa kwanza. Ni mwaka 1980, Marjane ana miaka 10, na katika picha ya darasa wamekaa wasichana wanne wenye ushungi mweusi, naye amekatwa pembeni asionekane. Waache wanafunzi wazitazame nyuso hizo kimya mpaka waone kwamba hazifanani hata kidogo. Chini ya ukurasa huo huo, watoto wamekwisha kugeuza ushungi kuwa kamba ya kuruka.

Ukurasa wa vita na Iraki usomeni pamoja darasani, mtu asipelekwe nao nyumbani peke yake. Wavulana wa familia maskini, walioahidiwa pepo na kupewa funguo za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu, wanarushwa na mabomu ya ardhini funguo zikiwa shingoni. Chini yao Marjane anacheza dansi kwenye sherehe. Usiwafafanulie. Watasema wenyewe, nami naamini watasema vizuri.

Wazazi huenda wakalalamika. Mwaka 2013 wakuu wa shule za umma za Chicago, Marekani, waliagiza kitabu hiki kiondolewe madarasani, na wanafunzi wakaandamana kukitetea. Kwa hiyo mwonyeshe mkuu wako wa shule picha za mateso ya wafungwa zilizomo kitabuni kabla hujaanza, kisha uniandikie alivyojibu.

Wako katika kazi hii,
Dada yako