Wauza kompyuta, andikeni jina zima la prosesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza kompyuta wa nchi hii, na pia wazazi wenzangu ambao watoto wao wameanza kuomba kompyuta ya kuchezea gemu, kuhusu prosesa, yaani ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta.

Mimi ni mshonaji hapa Ngamiani, Tanga. Mwanangu alipomaliza kidato cha nne alikuwa na hamu moja tu, kuunganisha kompyuta yake mwenyewe kipande kwa kipande. Zamu yangu ya mchezo wa upatu ilipofika, nikiwa na safari ya Dar es Salaam kufuata vitambaa, nikaona nimnunulie bila kumwambia. Duka nililoingia lilikuwa na kompyuta iliyobandikwa stika: "i7, 520,000", i7 ikiwa ni daraja la prosesa za kampuni ya Intel. Muuzaji akanieleza, "Mama, i3 ni ya kuandikia barua, i5 ni ya ofisi, i7 ndiyo mwisho wa yote." Nikalipa. Nikaifunga ndani ya khanga mbili, nikaipakata kwenye basi mpaka Tanga.

Mwanangu aliiwasha usiku uleule, akakaa kimya. Mtoto akikaa kimya mbele ya zawadi, mama anajua. Baadaye akasema taratibu, "Mama, hii ni Core i7-3770. Ilitoka mwaka 2012." Ilikuwa kompyuta ya ofisini, kasha dogo, na pawa saplai yake haikuwa hata na waya wa kulisha kadi kubwa ya michoro, ile inayochora picha za gemu. Windows 11 haiipokei rasmi prosesa ya umri huo, na Windows 10 yenyewe Microsoft walisitisha kuihudumia Oktoba 14, 2025.

Asubuhi nikampigia muuzaji. Akanijibu, "Mama, si nilikuuzia i7? Kwani hiyo si i7?"

Jibu hilo limenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu mtu yule hakusema uongo. Stika yake ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwa kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye thamani ya pesa.

Wanaoshona watanielewa haraka. Nikikuuzia mita 2 za kitambaa bila kukutajia upana, sijakudanganya mita. Lakini mita 2 za upana wa inchi 60 zinatoa gauni, na mita 2 za inchi 45 zinaweza kukuacha huna mikono. Hakuna mshonaji anayenunua kitambaa bila kuuliza upana. Kwenye prosesa, upana ni ile namba inayofuata baada ya "i7", na namba hiyo ndiyo isiyoandikwa.

Mwanangu alinifundisha kuisoma, nami naieleza hapa kama nilivyoielewa. Kwenye i7-3770, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, yaani kizazi cha 3. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i3-12100, ni mbili za kwanza: kizazi cha 12, cha mwaka 2022. Sasa tazameni ajabu: zote mbili zina viini 4, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, na nyuzi 8, yaani kazi zinazoweza kushikwa kwa pamoja (nyuzi, ndivyo mwanangu anavyoziita, na neno hilo nililipenda mara moja). Idadi ni ileile, lakini kiini cha 2022 kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa yake ya ndani, na ramu yake, yaani kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ni ya kasi kubwa kuliko DDR3 ya zamani. Kwa hiyo i3 ile, ambayo niliambiwa ni ya kuandikia barua, inaiacha mbali i7 niliyoipakata kwenye basi. Ningeambiwa hivyo dukani, nisingebishana na mtu.

Kompyuta ile nikamuuzia mwenye stesheneri kwa 380,000. Hasara 140,000. Pale kwake inachapa barua na kutoa nakala vizuri kabisa, sina ugomvi nayo. Haikuwa kifaa kibovu. Iliuzwa kwa kazi isiyo yake.

Mara ya pili tulikwenda wawili. Mwanangu alitaka Ryzen 5 5600, prosesa ya AMD, kampuni inayoshindana na Intel. Mimi nikataka 5600G. Tulibishana njia nzima, na nitaeleza kwa nini nilishikilia, maana herufi moja ile ndiyo inayowapoteza vijana wengi. Zote mbili zina viini 6 na nyuzi 12, zote za wati 65, na hilo lilinihusu kwa kuwa LUKU nanunua mimi. Isiyo na G ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 32, yenye G ina 16, hivyo ukiwa na kadi nzuri ya michoro isiyo na G inakimbia zaidi. Hapo mwanangu alikuwa sahihi. Lakini isiyo na G haina michoro ndani yake. Bila kadi, haitoi picha yoyote. Ni sawa na zile za Intel zenye F mwishoni, kama 12400F. Kijana wa mtaa wa pili alinunua prosesa ya namna hiyo akiwa hana pesa ya kadi, akatazama kioo cheusi wiki mbili akidhani ameuziwa mbovu. Mimi pesa ya kadi sikuwa nayo. Ningewezaje kumnunulia mwanangu giza?

Tukachukua yenye G. Ramu tukanunua vipande 2 vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa michoro ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye ramu, na vipande viwili vinaifungulia njia mbili. Bodi, ile inayobeba vipande vyote, tukachukua ya soketi ya AM4, yaani aina ya kikalio cha prosesa hizi, ambayo kadi ikija siku moja itapata pa kukaa, na hata prosesa kubwa zaidi ya soketi hiyo. Nikamwomba muuzaji aiwashe mbele yetu kabla hatujatoka, maana bodi nyingine za AM4 zilitengenezwa kabla ya Ryzen za 5000 na huzikataa mpaka BIOS yake, ile programu ya kuiwashia bodi, isasishwe. Aliiwasha bila kununa. Muuzaji yule nitarudi kwake.

Nyumbani, prosesa niliiweka mimi. Chini ya Ryzen ile kuna pini 1,331, nyembamba kuliko zozote za mezani kwangu, na mikono ya mwanangu ilikuwa ikitetemeka. Mimi nimeshika pini miaka 22. Nikalinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu na alama ya kwenye soketi, nikaiachia ikae yenyewe bila kuisukuma, yeye akashusha kile kishikizo. Picha ilipotokea kwenye kioo alinikumbatia, na sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Basi ombi langu. Mizani ya muuza sukari hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Naiomba Tume ya Ushindani, inayomlinda mlaji, iwatake wauza kompyuta waandike jina zima la prosesa na mwaka wake kwenye stika ya bei, ziwe mpya au mitumba. Hadi hapo, wazazi, ombeni kompyuta iwashwe, kisha bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na kile cha Pause. Jina zima litajitokeza, na si rahisi muuzaji kulificha.

Stika ile bado ninayo, nimeibandika ubavuni mwa cherehani. Chini ya "i7" pana nafasi tupu ya vidole vitatu.

Mshonaji,
Ngamiani, Tanga