Somo yangu, waliokwisha kununua ndio wa kuanza nao

Tanga, 14 Juni 2025

Somo yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, sikupata vizuri. Mara ya pili nikakaa kitako. Mara ya tatu nilirudi pale uliposema, "Labda biashara hii si yangu," maana hapo sauti yako ilikatika na mimi moyo ukanienda mbio. Nimeona nisikujibu kwa simu. Simu zetu huanza na biashara zikaishia kwa watoto na bei ya mchele. Acha niandike, usome ukiwa umetulia.

Umesema paterni zako za magauni, yaani ile michoro ya kukatia nguo unayouza kama faili la kuprinti, zimeganda kwenye wanunuzi sita, saba kwa mwezi, video zako za kufundisha nguo za watoto haziguswi, na sasa unataka kushusha bei kutoka shilingi 12,000 hadi 5,000, kisha ukope fedha ulipie matangazo. La kukopa nakuomba sana usilifanye mwezi huu. Sababu yangu inaanzia kwangu mwenyewe, kwa jambo ambalo sikuwahi kukusimulia lote.

Unaikumbuka paterni yangu ya dera, ile ya kwanza kabisa niliyoiuza kwa PDF? Mwezi wa kwanza walinunua watu 31. Nilifurahi mno, nikakupigia usiku. Mwezi wa pili wakanunua 12, wa tatu 4. Nikashusha bei, wakaja wengine tisa, halafu kimya tena. Nikalaumu msimu, nikalaumu bei, nikalaumu wanaosambaza mafaili ya watu kwenye makundi. Hata siku moja sikujiuliza wale 31 wameshona nini.

Mpaka alipopiga simu mama mmoja, fundi wa Korogwe. Wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, nimekata kitenge cha mteja wangu, nguo haipiti kifuani, na harusi ni Jumamosi." Nikamwomba achukue tepu apime mstari mmoja wa kwenye karatasi niliojua urefu wake. Ulitakiwa uwe sentimita 20. Kwake ulikuwa 19. Kumbe kule steshenari alikoprinti, mashine ilikuwa imewekwa ipunguze kila ukurasa ili uingie vizuri ndani ya karatasi, na imepunguza mpaka asilimia 95. Ukikokotoa, kifua cha sentimita 104 kinakuwa 98 na pointi nane. Zaidi ya sentimita tano zimekwenda, na kijana wa steshenari hakufanya ubaya wowote. Yeye siku nzima anaprinti barua na vyeti, na barua ikipungua kidogo hakuna anayedhurika. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeuza kitu cha vipimo bila kumpa mnunuzi njia ya kuvihakiki.

Kitenge chake nilikilipa. Usiku uleule nikafungua daftari, na kuanzia kesho yake nikawapigia mmoja mmoja walionunua mwezi ule wa kwanza. Niliwapata 22. Walioshona nguo ikakaa walikuwa watano. Sita walipata nguo ndogo kama yule mama, na hawakuniambia, wakaona ni mikono yao. Wanane hawakuwahi hata kukata, kwa sababu paterni ilikuwa na kurasa 24 za A4 na hawakujua upi unaungana na upi. Watatu walilipoteza faili siku simu ilipojaa, wakaona haya kuomba tena.

Somo, nililia siku ile. Watu 17 walinipa fedha zao na hawakuvaa chochote. Ningepata wapi mteja wa pili kutoka kwao? Nani angeniletea dada yake au jirani yake? Ningelipa matangazo wakati ule, ningekuwa nawaita watu wengi zaidi waje kukwama palepale.

Kwa hiyo, kabla ya yote, chukua simu uwapigie kumi wa mwisho walionunua kwako. Usiwaandikie, wapige, sauti ya mtu inasema mengi. Usiwaulize kama wameipenda, maana kwa heshima watakwambia ndiyo. Waulize, "Ile nguo ulishashona? Nitumie picha niione." Atakayenyamaza kidogo ndiye wa kumsikiliza. Muulize alifika wapi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu hayo ndiyo utakayokuja kuyatumia kwenye tangazo lako.

Nilichobadilisha kwangu ni hiki. Ukurasa wa kwanza sasa una mraba wa sentimita 10 kwa 10, na juu yake maneno makubwa: "Printi ukurasa huu peke yake kwanza. Pima mraba. Ukiwa chini ya sentimita 10, mwambie anayeprinti aweke asilimia 100." Maneno hayohayo nimeyarudia kwenye meseji fupi ambayo mnunuzi anamwonyesha kijana wa steshenari, asihangaike kueleza. Kurasa nimezipa herufi na namba pembeni, A1 inashikana na A2, B1 inakaa chini ya A1, na mwanzoni nimeweka picha ndogo ya zote zikiwa zimeungwa. Na kwa wanaoishi mjini nimetengeneza faili la pili la karatasi kubwa ya A0, ambayo ni sawa na A4 kumi na sita. Wanaoprinti ramani za nyumba wanayo mashine yake. Gauni zima linatoka kwenye karatasi moja au mbili, bila kuunga kurasa nyingi kwa gundi. Hapo Mwanza lazima wapo, waulize bei yao uiweke kwenye maelezo yako.

Faili lenyewe nalo lipunguze uzito. La kwangu la mwanzo lilikuwa MB 38 kwa sababu ya picha za mapambo. Nikaziondoa, likabaki MB 3, na mistari ya kukatia haikubadilika hata kidogo. Mtu akilipoteza, mtumie tena bila kumuuliza maswali, na mwambie hivyo tangu siku anayonunua.

Sasa hao wanaouliza bei halafu wanapotea. Hapa nina neno la kukuuma kidogo, unisamehe. Nilijifanya mteja wako. Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikuandikia kwa namba yake saa tatu usiku akiulizia gauni la kitenge. Ulimjibu kesho yake saa nne asubuhi, kwa neno moja: "12,000." Akauliza analipaje, ukampa namba, na alipojaribu kutuma likatokea jina la mwanamume. Akasita. Mimi najua ni la shemeji, kwa sababu laini aliisajili yeye, lakini mtu wa Kahama au wa Lindi anajuaje? Siku hizi matapeli wamewatia watu hofu, na mtu akiona jina ambalo halimo kwenye tangazo anafunga simu yake anakwenda kulala. Sajili lipa namba kwa jina la biashara. Mpaka itakapokuwa tayari, andika wazi kabla hajauliza: "Jina litakalotokea ni la mume wangu," ulitaje kama lilivyo.

Na jibu lako la kwanza liwe limekamilika. Kwenye WhatsApp Business kuna majibu ya haraka, unayaandika mara moja na kuyatuma kwa kugusa. La kwangu lina picha mbili za nguo iliyoshonwa na mteja wala si mimi, saizi zilizomo, idadi ya kurasa, kitambaa kinachohitajika kwa yadi, bei, namba ya kulipia na jina lake, na kwamba faili linatumwa ndani ya dakika kumi mpaka saa nne usiku. Kitambaa kwa yadi usikiache. Fundi akijua ni yadi nne anapiga hesabu ya kazi yake palepale, na akishaanza kupiga hesabu yuko karibu kulipa.

Kuhusu orodha yako ya watu 256 unaowatumia matangazo kila Ijumaa: ujumbe wa namna ile unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi wa watu wako hawajaihifadhi, kwa hiyo unasemea hewani. Njia niliyoiona inafanya kazi ni kuwapa kitu kidogo cha bure. Mimi nina paterni ya mfuko wa kitenge, ukurasa mmoja tu wa A4. Anayeitaka ninamwomba ahifadhi namba yangu kwanza, kisha namtumia. Ukurasa ule una mraba uleule wa sentimita 10, kwa hiyo akishona mfuko wake ameshajifunza kuprinti sawasawa, bila kupoteza kitambaa cha mtu. Wanaonunua gauni baada ya kushona mfuko karibu wote hulimaliza.

Video ni habari nyingine, na hapa nadhani una mali kubwa iliyofichika. Umerekodi saa moja na dakika ishirini kwa mkupuo. Fundi ataitazama lini? Ana cherehani mbele yake, bando lake dogo, na anachotaka kwa kweli ni pale anapokwama. Nimeitazama yote. Sehemu yako ya zipu ya kuficha, kuanzia dakika ya 47, sijaona anayeifundisha kwa uwazi kama wewe. Ikate peke yake. Dakika sita. Iuze shilingi 3,000 kwa jina lake, "Zipu ya kuficha bila kukunjamana". Kola ikae peke yake, mkono peke yake. Na ukituma, tuma kama faili na si kama video ya kawaida, isije ikafifia mtu akashindwa kuona sindano inapopita.

Bei ya gauni iache hapo ilipo. Nilipoishusha yangu walikuja watu walewale wa kukwama, nikajibu maswali mengi zaidi kwa fedha kidogo. Baadaye nilipotengeneza upya niliirudisha, na hakuna aliyelalamika.

Msimu nao tumeukosea sote wawili. Paterni za Idd tunazitangaza kumi la mwisho la Ramadhani, wakati mafundi wameshaacha kupokea vitambaa. Wanaozihitaji wanazihitaji Shaaban. Na ukumbuke Idd inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda hii ya Januari mpaka Desemba, kwa hiyo usifuate tarehe ya mwaka jana. Sare za shule, shule zikifunguliwa Januari, tangaza Novemba.

Wizi wa mafaili umenitesa kama ulivyokutesa. Siku hizi naandika jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla sijamtumia. Inachukua dakika mbili, na mtu akiona jina lake pale anasita kuirusha kwenye kundi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatulinda na kazi unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Za kwangu nimeanza kuzikusanya nizipeleke. Ila sitaki tena kulala nikiwaza wezi. Faili la kuibwa halina wa kumpigia simu nguo ikigoma begani, na wateja wangu wanalijua hilo.

Daftari langu sasa lina safu tatu: walioulizia, waliolipa, walioshona. Mwezi uliopita ilikuwa 58, 19 na 14. Hiyo 14 ndiyo naitazama kila jioni, na kati ya wale 19 saba waliletwa na mtu aliyekwisha kushona.

Nitumie faili lako la gauni la kitenge, lile la kurasa 30, kama unavyomtumia mteja yeyote, usinieleze chochote. Nitakwenda kuliprinti steshenari ya hapa Ngamiani, nitanunua kitenge changu, nitalishona kwa saizi yangu, na kila nitakapokwama nitapiga picha nikuandikie. Jumapili ijayo utakuwa na majibu yote. Ukiwa tayari na zile simu kumi, nipigie tuzisome pamoja, hata kama ni usiku.

Mama anakusalimu na anauliza lini unakuja. Nibusie mwanangu, na shemeji mpe salamu zake.

Somo yako akupendaye